Aliyengoja Njia Panda

Zamani mtu wa Mérolles aliyetoka na baiskeli Jumapili asubuhi alirudi jioni akijua jina la kila bibi anayetunza ufunguo wa kanisa katika vijiji alivyopita. Siku hizi anarudi kabla ya chakula cha mchana, na kitu pekee anachokijua ni mapigo ya moyo wake mwenyewe.

Anselme Courtadon alikuwa mtu wa hiyo zamani. Alizaliwa katika chumba cha vibarua kwenye shamba la watu, ng'ambo ya mto Cher, katikati ya Ufaransa, akaacha shule ana miaka kumi na minne, akaingia kiwanda cha vyombo vya kauri, na humo akakaa mpaka siku kiwanda kilipofungwa. Kazi yake ilikuwa kumimina udongo wa majimaji katika kalibu za vikombe na mabirika. Udongo ule ulimkausha mikono. Hata baada ya kustaafu, ukimpa mkono ungedhani umeshika chaki.

Mshahara wake wa miaka ya kwanza ulikwenda wote kwa mama yake. Ule wa kwanza kubaki mfukoni mwake alinunulia baiskeli, na kwa hiyo baiskeli ndipo alipoanza kuiona nchi aliyozaliwa. Minara iliyobomoka katikati ya mashamba ya ngano. Makanisa madogo yenye kuta nene kama za ghala, na nje mlangoni mashetani ya mawe yanayotafuna wenye dhambi. Ngome ambazo wenyewe waliuawa katika vita na Waingereza miaka mia sita nyuma na sasa ndani yake wanalala kuku. Vitabu alivisoma katika maktaba ya mji, kimoja baada ya kingine kama vilivyopangwa kwenye rafu, si kama akili ilivyotaka, na mengi aliyaelewa upande. Kwa miaka mingi alimwita mtakatifu wa kanisa la Ardois kwa jina la mtakatifu mwingine kabisa, na rafiki zake wakampigia magoti huyohuyo.

"Wiki nzima nashika vitu vinavyovunjika," alikuwa akisema. "Jumapili nataka kuona kitu kilichosimama. Na kama kimevunjika, basi angalau kiwe kimevunjwa na Waingereza."

Chama cha Baiskeli cha Mérolles alikianzisha yeye na Raoul Pinglot, mchochea tanuri, pamoja na mke wa Raoul, Huguette, aliyekuwa akichora maua kwenye sahani katika kiwanda kilekile. Baadaye wakajiunga wengine, karibu wote watu wa kiwandani. Hawakuwa na sare. Walivaa mashati ya kawaida, suruali wamezibana kwa vibanio vya nguo, na kwenye keria mkate, jibini la mbuzi, na chupa mbili tatu zimefungwa katika gazeti lililoloweshwa maji zisipate joto.

Kanuni zao hazikuandikwa popote. Aliye mzito kuliko wote ndiye aliyetangulia, ili mwenye miguu asimwache mwenye kifua. Kwenye mlima mkali, mwenye nguvu alimwekea mwenzake mkono mgongoni akamsukuma, na aliyesukumwa hakusema ahsante, maana kushukuru kungegeuza jambo lile kuwa hisani. Maji waliyachota kwenye bomba la makaburini, kwa kuwa kila kijiji kina makaburi na kila makaburi yana bomba. Lakini kabla ya kujaza chupa yako ulijaza kwanza ndoo ya kumwagilia, ukatafuta kaburi ambalo maua yake yamenyauka, ukayanywesha. Na palipokuwa na njia panda, aliyetangulia alisimama. Alisimama hapo kwa jua au kwa mvua mpaka aone uso wa anayemfuata, amwonyeshe njia, ndipo aondoke. Hakuna aliyepotea hata siku moja. Raoul aliwahi kuachwa akisimama kwenye mvua ya mawe huku wenzake wamejikinga chini ya daraja, na walipomfikia akiwa na uvimbe kichwani alisema tu, "Kushoto, mabwana, na polepole, kuna kinyesi cha ng'ombe."

Huguette ndiye aliyekuwa mzito. Milima ilimshinda. Basi Raoul alimshika mgongo kushoto na Anselme kulia, naye akipanda katikati yao kama malkia katika machela, akiwatukana.

"Sukumeni, wavivu nyie! Bibi yangu alikuwa na punda aliyewashinda wote wawili!"

"Punda wa bibi yako alikuwa hanywi divai saa nne asubuhi," Raoul alijibu.

"Ndiyo maana alikufa mapema," akasema Anselme.

Anselme hakuoa. Watu walikuwa na maneno yao juu ya hilo, na baadhi ya maneno hayo yalimtaja Huguette, lakini yeye hakuwahi kusema neno, si Raoul alipokuwa hai, si baada ya Raoul kufa kwa mapafu kama walivyokufa wachochea tanuri wengi. Baada ya maziko, Jumapili iliyofuata, Huguette alitokea pale walipozoea kukutana na baiskeli yake kama kawaida. Walipofika mlimani Anselme alimwekea mkono mgongoni peke yake, mkono mmoja wa kulia, na hawakuzungumza mpaka juu. Jumapili zilizofuata zilikuwa hivyo. Wiki nzima Anselme alikaa nyumba ya mtu mmoja, akala sahani moja, akaosha uma mmoja. Jumapili alikuwa na watu.

Kisha kiwanda kikafungwa. Wenzake wa chama, mmoja akafa kwa moyo, mwingine kwa saratani, mwingine akamfuata binti yake Nantes akafa huko kwa uchovu wa kutazama maegesho ya magari. Nafasi zao zikachukuliwa na watu wapya waliohamia Mérolles kwa sababu nyumba zilikuwa rahisi. Hawakuwa watu wabaya. Anselme mwenyewe alikiri hivyo, ingawa kwa kusaga meno. Walikuwa na adabu, walimpa mkono, walimwita Bwana Courtadon. Lakini walikuja wamevaa nguo za kubana zenye rangi za kasuku, na kwenye usukani wa kila baiskeli kulikuwa na kioo kidogo kinachowaka, na kioo hicho ndicho kilichowaambia wakate kona wapi, wapande kwa kasi gani, na lini waone kiu.

Mkubwa wao alikuwa Thibaud Lancelin, mtu wa bima, mrefu, mcheshi, aliyenyoa miguu. Alichaguliwa mwenyekiti kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kazi hiyo. Chini yake Jumapili zilianza saa moja asubuhi na kumalizika saa tano. Walipita mbele ya kanisa la Ardois bila hata kugeuza shingo. Anselme alijaribu kuwafuata kwa msimu mmoja. Walikuwa wakimngoja mwisho wa mlima, hilo hawakuacha, ila walimngoja mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedali, kama watu wanaomngoja mbwa akojoe.

Halafu Huguette alifanyiwa upasuaji wa goti, na alipopona akanunua baiskeli ya betri.

Siku aliyompelekea Anselme aione, alizunguka uani mara mbili, akacheka kama msichana.

"Panda ujaribu, mzee wangu. Unakanyaga kidogo, yenyewe inamalizia."

"Kama mume mzembe," akasema Anselme.

"Mume mzembe hamalizii chochote. Panda!"

Hakupanda. Alisema kiti kiko chini. Kiti hakikuwa chini.

Januari, chama kilikutana katika ukumbi wa mji kula keki ya wafalme. Ndivyo wafanyavyo watu wote wa huko mwezi huo: keki inakatwa, mmoja anakuta ndani ya kipande chake kidoli kidogo, anavishwa taji la karatasi. Zamani vidoli vile vya kauri vilitoka kiwandani kwao, Anselme alikuwa amemimina maelfu yake; kile cha mwaka huo kilikuwa cha plastiki, kimetoka mbali, na Huguette nusura akimeze.

"Malkia! Malkia!" walipiga meza. "Achague mfalme!"

Thibaud alikwisha kuinamisha kichwa kwa mzaha, tayari kuvishwa. Huguette akampita, akazunguka meza yote, akamvika Anselme lile taji. Lilimwangukia masikioni.

"Mfalme aseme anataka nini!" wakapaza sauti. "Amri! Amri!"

Wengine wangeomba chupa nyingine, ndiyo desturi. Anselme alisimama, akalishika taji lisidondoke, na ikaonekana kwamba jambo alilolisema alikuwa nalo kifuani siku nyingi.

"Nataka Jumapili moja. Moja tu. Twende Loubray kama tulivyokuwa tukienda. Mzito mbele. Tusimame Ardois, tusimame mnara wa Chaumes. Tule pamoja. Ufunguo wa kanisa la watawa Loubray uko kwa Bi Blondelet, tutabisha hodi kwake kama watu. Mkiona, na bado mkasema ni upuuzi, sitawasumbua tena."

Watu walitazama sahani zao.

"Mfalme amesema," Thibaud akajibu hatimaye, akainua glasi. "Mwezi wa tano, Bwana Courtadon. Tutaacha saa nyumbani."

"Na hivyo vioo?"

"Ah, vioo tutavibeba, lakini tutavifumba macho."

Wakacheka. Huguette alimbonyeza Anselme mkono chini ya meza. Kuanzia usiku ule hadi mwezi wa tano mzee yule alitembea Mérolles kama mtu anayeozesha binti. Alibadilisha cheni. Alipiga kiti rangi. Alikwenda peke yake mpaka Loubray, siku nzima kwenda na kurudi, kumwambia Bi Blondelet kwamba wageni watakuja. Bibi huyo alikuwa amepita miaka tisini na aliishi mkabala na mlango wa kanisa, kama mama yake na bibi yake walivyoishi, na ufunguo ule mkubwa kama mguu wa kuku ulining'inia nyuma ya jiko lake.

"Wengi?" aliuliza.

"Kama zamani."

"Basi nitaosha zile glasi," akasema. "Hazijashikwa tangu enzi za mumewe Huguette."

Jumapili yenyewe ilianza vizuri, na hilo ndilo baya. Walikuja wengi. Thibaud alimsogezea Anselme nafasi ya mbele kwa mkono, kama anayemfungulia mtu mlango, na hakuna aliyempita. Keria ya Anselme ilibeba pai ya viazi aliyoioka alfajiri, nzito, imefungwa kwa kitambaa cha meza. Huko Ardois waliingia kanisani wote, wakagongagonga viatu vyao vya chuma kwenye mawe, wakamsikiliza akieleza mashetani. Mmoja aliuliza swali. Kwenye makaburi walicheka alipojaza ndoo ya kumwagilia, lakini mwanamke mmoja, daktari wa meno, alichukua ndoo ya pili akamwagilia kaburi la mtoto, na kicheko kikaisha.

Kisha ukaja mlima wa Chaumes.

Si mlima wa kutisha, ila Anselme alikuwa na miaka sabini na minane na hakuwa amelala. Nusu ya njia pumzi ilianza kumtoka kwa mlio. Nyuma yake walipunguza mwendo mpaka baiskeli zikayumba. Alisikia mmoja akiteta na mwenzake, "Tukienda taratibu zaidi ya hapa tutaanguka," na mwenzake, "Shh." Ndipo Huguette alipotoka katika msafara, akaja ubavuni mwake bila kuhema, mgongo wake umenyooka kama aliyeketi sebuleni, akamwekea mkono mgongoni. Baiskeli ya Anselme ikapanda yenyewe.

"Toa mkono," akasema.

"Kanyaga, acha maneno."

"Huguette, toa mkono wako."

"Umenisukuma maisha yangu yote, mimi nilisema nini?"

"Mimi nilikusukuma kwa miguu yangu. Wewe unanisukuma kwa betri."

Alilisema kwa sauti, maana alikuwa hana pumzi ya kulisema taratibu, na kila mtu alilisikia. Mkono ukatoka. Huguette alikaza macho barabarani, akapanda mbele peke yake mpaka kileleni, na msafara wote, kwa kuwa sasa njia ilikuwa wazi na miguu iliwauma kwa uvivu, ukampita Anselme mmoja mmoja ukamfuata. Daktari wa meno alimwambia "Jipe moyo, Bwana Courtadon." Alifika wa mwisho, baiskeli akiikokota.

Mnara wa Chaumes waliutazama bila maelezo. Anselme hakuwa na sauti ya kueleza. Walipoanza kuteremka upande wa pili, tairi la Thibaud likapigwa pancha.

Zamani pancha ya mmoja ilisimamisha wote. Walimzunguka, mmoja akashika gurudumu, mwingine akapiga pampu, mwingine akafungua chupa. Anselme alijua hivyo kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Lakini Huguette alikuwa amesimama kando ya mtaro, amempa mgongo, anatafuta kitu katika mfuko wake ambacho hakikuwamo.

"Tangulia, Bwana Courtadon," alisema Thibaud, mikono tayari imechafuka. Alisema kwa wema. "Utapata nafasi kidogo mbele yetu. Tutakufikia."

Angeweza kusema hapana. Angeegemeza baiskeli kwenye ua, akafungua kitambaa, akakata pai palepale. Badala yake aliutazama ule mgongo wa Huguette, akapanda baiskeli yake, akatangulia.

Chini ya mteremko, baada ya msitu mdogo, kuna njia panda yenye msalaba wa chuma. Njia ya kulia inapita kwenye mashamba ya maua ya manjano ya mbegu za mafuta mpaka Loubray. Hiyo ndiyo njia ya chama. Ya kushoto inazunguka. Anselme alifika pale, akashuka, akaegemeza baiskeli kwenye jiwe la msalaba, akasimama upande wa barabara ambapo mtu anayeteremka angemwona kutoka mbali. Alitangulia. Aliyetangulia husimama.

Kengele ya saa sita ikalia mahali fulani. Alijisemea pancha ya pili huenda imewapata. Alijisemea gundi imechelewa kukauka. Hakuwa amebeba simu, kwa kuwa Jumapili ilikuwa ya kizamani. Jua likasogea. Alitoa pai kwenye jua akaiweka chini ya kivuli cha msalaba, na jua lilipozunguka akaisogeza tena. Njaa ilimshika lakini hakuikata, kwa kuwa pai ikikatwa kabla ya watu kufika si pai ya wageni tena. Mtu mwingine yeyote Ufaransa nzima angekwisha kuondoka. Njia ya Loubray aliijua hata akifumba macho, na Loubray ndiko watu walikokuwa wakienda. Lakini kuondoka njia panda kabla ya kuuona uso wa anayekufuata, hilo mwili wake haukujua namna ya kulifanya.

Mkulima mmoja alipita na trekta akielekea shambani kukagua pampu. Aliporudi, alizima injini.

"Bado upo, babu? Umetoa mizizi?"

"Nangoja watu."

"Wale wa baiskeli? Wenye nguo za maonyesho?"

"Haohao."

"Mbona hao wamepita chini, njia ya mfereji. Tangu mchana. Niliwaona mimi nikiwa kwenye daraja. Wanakwenda kama wanafukuzwa na nyuki."

Anselme alitazama barabara aliyokuwa akiitazama siku nzima. Njia ya mfereji, ambayo chama hakikuwahi kuifuata wala kuihesabu kuwa njia panda, ilianzia juu kule, kabla ya msitu, karibu na palepale lilipopasukia tairi. Vioo vyao viliwaonyesha kwamba ni tambarare na ni fupi, basi wakaifuata.

"Nikubebe?" mkulima aliuliza. "Baiskeli inaingia nyuma."

"Najua njia," akasema Anselme.

Alifika Loubray jua limeinama. Mlango wa Bi Blondelet ulikuwa wazi. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti ndani ya kizingiti, amevaa gauni la misa, ufunguo mapajani. Nyuma yake mezani palikuwa na kitambaa cheupe na zile glasi, zote, kavu.

"Umechelewa," akasema.

"Wamefika?"

"Wamefika watu. Walikula pale kwenye mkahawa wa lango la mfereji, niliwasikia wakicheka. Halafu wakaja wakapiga picha mlango wa kanisa."

"Hawakubisha hodi?"

"Mmoja aliujaribu mlango kwa bega. Akasema umefungwa." Bi Blondelet aliugeuza ufunguo mapajani. "Huguette alikuwepo. Alitazama huku. Mimi nikainua mkono, sijui kama aliona. Siku hizi watu wananiona ukutani kama sufuria."

"Wamekwenda?"

"Wamekwenda, mwanangu."

Alimfungulia kanisa. Anselme aliingia peke yake, akatoka upesi kuliko alivyoingia. Pai aliiacha kwa bibi yule, ambaye meno hakuwa nayo.

Jioni ile, alipokuwa hajavua hata viatu, simu ya nyumbani ililia.

"Umefika," alisema Huguette. "Mungu ashukuriwe. Tulidhani umekasirika ukarudi zako nyumbani. Thibaud alipiga simu hapo mara tatu."

"Nilikuwa njia panda."

Upande wa pili wa simu kiti kikaburutwa.

"Nilisimama pale msalabani, Huguette. Kuanzia saa sita kasoro."

"Najua."

"Unajua kwa kuwa nakwambia, au ulijua?"

Alimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake redio ikizimwa.

"Niliwaambia," akasema. "Walipokata kushoto kuelekea mfereji niliwaambia, Anselme atakuwa amesimama njia panda. Thibaud akasema, mama wee, hakuna mtu anayesimama njia panda siku hizi, huyo amekwisha fika Loubray ametushikia meza. Wakacheka. Nikanyamaza."

"Ukanyamaza."

"Ningekuja mwenyewe. Betri ingenifikisha kwa dakika chache, unajua. Lakini nilifikiri nikija utaniambia nini? Toa mkono? Mbele ya watu wote uliniambia toa mkono. Raoul hakuwahi kunisemesha hivyo, na Raoul alikuwa mlevi."

"Basi uliniadhibu."

"Nilikasirika. Mtu haruhusiwi kukasirika?"

"Bi Blondelet alikupungia mkono."

"Nilimwona," Huguette akasema, sauti imeshuka. "Ningefanya nini? Ningewaambia wangoje nikaingia kunywa kwa kikongwe wasiyemjua? Walikwisha kupanda baiskeli zao, wana watoto wao nyumbani. Wewe ndiye uliyetakiwa kuwaambia, na wewe hukuwepo."

"Nilikuwa nawangoja."

"Na mimi nakuuliza, mzee wangu: ulikuwa unawangoja wao, au ulikuwa unataka tuone kwamba unatungoja?"

Swali hilo alilikasirikia vibaya zaidi kuliko mengine yote. Akakata simu. Alipokuwa akifungua kamba za viatu alilijibu kwa sauti, ukutani, na kesho yake tena, na majibu yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililomridhisha.

Thibaud alikuja wiki hiyo na chupa ya divai nzuri na maneno mazuri. Alisema ni kutoelewana tu. Alisema watamtengenezea Jumapili nyingine, na safari hii watampa simu yenye ramani, hatapotea. Anselme alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa mlangoni.

"Sikupotea," akasema.

"La, bila shaka. Ni namna ya kusema."

"Chama kina njia yake ya kupata watu wake. Mimi ndiye niliyeileta."

"Ndiyo, Bwana Courtadon, na sisi sote tunakuheshimu kwa hilo."

Neno hilo la kuheshimu lilimaliza mambo. Mtu akishaanza kuheshimiwa kwenye chama chake mwenyewe, kilichobaki ni kumtundika ukutani kama picha. Hakwenda Jumapili iliyofuata, wala nyingine. Huguette hakupiga simu tena, naye hakupiga. Walikutana mara moja dukani kwa mwoka mikate, kila mmoja akaulizia afya ya mwenzake kwa ukamilifu kama wanaoulizana mbele ya kasisi, na kila mmoja akatoka na mkate wake. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, baiskeli ya Anselme ilibaki ukutani, matairi yakalegea. Bi Blondelet alikufa wakati wa joto kali. Ufunguo ulichukuliwa na ofisi ya wilaya, na kanisa la Loubray sasa hufunguliwa siku mbili kwa mwaka, kwa tiketi.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa mwezi wa tisa. Anselme ana bustani ndogo nje ya mji, pembeni ya barabara, imezungushiwa ua wa miti. Jumapili ile alikuwa amekwenda kuchuma maharage ya mwisho kabla hayajakomaa. Aliwasikia kabla ya kuwaona, ile sauti ya magurudumu mengi kwa pamoja, kama mvua inayokuja juu ya majani, na mazungumzo yaliyokatwakatwa na upepo. Mtu alicheka. Akainuka kati ya mistari ya maharage, akawaona kupitia mwanya wa ua, rangi zote zile, Thibaud mbele ameinama, wengine wamemfuata wamebanana. Mwishoni kabisa, mbali kidogo na wenzake, alikuwa Huguette.

Akashika breki. Anselme aliisikia ikilia. Huguette aliweka mguu mmoja chini karibu na lango la bustani, akanyoosha shingo juu ya ua.

"Anselme? Upo?"

Alikuwa karibu kiasi kwamba Anselme alimwona akivuta pumzi. Anselme akachuchumaa. Alijikunja chini nyuma ya vijiti vya maharage, goti moja kwenye udongo, akashika pumzi kama mtoto aliyejificha, na hakujua kwa nini anafanya hivyo, ila alijua kwamba akisimama sasa atalazimika kusema jambo, na jambo hilo hakuwa nalo.

"Anselme, wewe?"

Mmoja wa wale wa mbele alipaza sauti kutoka mbali, "Huguette! Unakuja?"

Huguette alingoja kidogo zaidi. Halafu pedali zikasikika. Anselme alipoinuka, na magoti yalimchelewesha, walikuwa wamefika kwenye kona ya mipopla, mgongo wa Huguette ukiwa wa mwisho, ukikaribia migongo ya wengine, na kona ikawachukua wote.